Leso Isomwe Kabla ya Kukatwa: Kauli Kuhusu Kalibu na Zawadi za Kushonwa Kisiwani Manda

Utangulizi

Msafiri anayekwenda Lamu kwa ndege hatui Lamu. Hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo, kisha huteremka gatini na kuvushwa kwa mashua hadi mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Anaporudi kwao hupita njia iyo hiyo, na mara nyingi mkononi mwake pana kitu kilichoshonwa: mkoba wa tanga kuukuu la jahazi, foronya iliyotokana na leso, kofia ya viua, au kitambaa cha viraka cha kumfunikia mtoto mchanga. Kwa hivyo Manda ndiyo kizingiti cha mwisho ambacho zawadi hizo hukivuka kabla ya kutoweka katika nchi za watu ambao, wengi wao, hawajui neno hata moja la Kiswahili.

Makala haya yanahusu zawadi hizo, hasa mifarishi midogo na vitu vingine vinavyoshonwa kwa vipande vya leso, na yanahusu pia chombo kimoja kinachoweza kubadilisha namna ya kuvitengeneza. Chombo hicho ni mashine ya kukatia vitambaa kwa kalibu. Imeenea sana Marekani na Ulaya miongoni mwa washonaji wa nyumbani, na kuivusha hadi Manda ni suala la nauli na ushuru tu. Swali la kujiuliza si kama mashine hiyo ni nzuri au ni mbaya. Swali ni nini kinatokea pale chombo kisichoweza kusoma kinapokutana na nguo yenye maandishi. Msimamo wa makala haya ni kwamba kalibu ikaribishwe, lakini isipewe leso kabla leso yenyewe haijasomwa. Na kwamba kazi ya kusoma huko ni ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama ilivyo ya fundi.

Kalibu na Kazi Yake

Neno kalibu si geni. Wafua metali na wafinyanzi wamelitumia kwa muda mrefu kutaja chombo kinachokipa kitu umbo. Kalibu ya kukatia vitambaa ni ubao uliopachikwa makali ya chuma yaliyokunjwa kufuata umbo fulani: mraba, pembetatu, pembesita, duara, au hata ua na samaki. Makali hayo huzungukwa na sponji ambayo huyaficha yasimkate mtu, na ambayo hukisukuma kitambaa kitoke baada ya kukatwa. Fundi hutandaza kitambaa juu ya sponji, hukifunika kwa bamba la plastiki, kisha huvipitisha vyote kwa pamoja baina ya rola mbili huku akizungusha mpini. Mgandamizo wa rola hukishindilia kitambaa juu ya makali, nacho hukatika. Mashine ndogo za nyumbani huweza kukata tabaka za pamba zipatazo sita kwa mpigo mmoja, na zile za mpini hazihitaji umeme. Ufundi wenyewe ni mkongwe: viwanda vya viatu vilikata ngozi kwa makali ya umbo la soli tangu karne ya 19.

Faida yake huonekana kwa hesabu nyepesi. Na uchukuliwe mfano wa mfarishi wa mtoto wenye miraba 9 kwa 9, kila mraba ukiwa na upana wa inchi 4 baada ya kushonwa. Miraba inayohitajika ni 81. Kila mmoja sharti ukatwe kwa upana wa inchi 4 na nusu, ili pabaki robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono. Anayetumia mkasi atakata kingo 324, labda apunguze nyingine kwa kukata vishoroba virefu kwanza. Anayetumia kalibu ya mraba mmoja, kwa tabaka sita, atazungusha mpini mara 14 tu. Si muda peke yake unaookolewa. Mkono uliochoka ukikosea kwa robo ya robo inchi tu katika kila mraba, kosa hilo hujumlishwa, na mwisho wa mstari wa miraba tisa kingo zitakuwa zimeachana kwa zaidi ya nusu inchi. Pembe za viraka hazitakutana, na mfarishi utajikunja kama jani lililonyauka.

Hata hivyo, kalibu haimwondolei fundi ujuzi. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande na mshindio. Nyuzi za mtande hazivutiki sana. Za mshindio huvutika kiasi. Na upande wa hanamu huvutika kuliko zote. Kitambaa kikilazwa kombo juu ya kalibu, kipande hutoka kikiwa mraba kamili mbele ya macho, lakini baada ya kufuliwa mara mbili huenda upande. Marudufu ya tanga la jahazi hayapangwi tabaka nyingi kama leso, na leso iliyofuliwa mara nyingi haishikiki kama leso mpya yenye wanga. Yote haya huamuliwa na mtu kabla rola hazijazunguka. Kalibu humwondolea fundi uchovu; haimwondolei macho.

Funzo la Mawe

Wapo watakaosema kwamba kitu kilichokatwa kwa mashine si kazi ya mkono tena, na kwamba kukiuza kwa jina hilo ni udanganyifu. Hoja hii ina uzito, na ingefaa ijibiwe kwa kutazama Manda yenyewe.

Kisiwani humo kipo kijiji cha Maweni, ambacho jina lake linataja mawe. Riziki kuu ya kijiji hicho imekuwa kukata mawe ya matumbawe na kuponda kokoto, kazi ya jua kali na vumbi jeupe, inayofanywa na wanaume na wanawake katika kisiwa ambacho maji matamu ni ya mvua na ya kuletwa kwa chombo. Mawe hayo hupakiwa mashuani yakajenge Lamu na Shela. Jiwe la ujenzi hukatwa kwa kipimo, kwa sababu jiwe lisilo na kipimo halikai juu ya mwenzake. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba nyumba ya Lamu, pamoja na vidaka vyake na nakshi za plasta yake, si kazi ya mkono kwa kuwa mwashi alinunua mawe yaliyokwisha kukatwa na mtu mwingine. Sanaa ya mwashi imo katika kupanga, kuunganisha na kumalizia.

Ndivyo ilivyo kwa viraka. Hata kofia ya viua, ambayo ni fahari ya pwani yote, huanza kwa mchoro unaotiwa kwenye bafta, kisha sindano huufuata mchoro huo kwa majuma na miezi. Hakuna anayeudharau mkono wa mshonaji kwa kuwa ulitanguliwa na mchoro. Kukata kwa kalibu ni kuandaa mawe. Kuchagua rangi ipi ilale kando ya ipi, kupiga bandi, kutia bitana na pamba, na kushona upindo ni kujenga nyumba. Mwanamke wa Maweni akiweza kupata sehemu ya riziki yake kivulini, kwa sindano badala ya nyundo, itakuwa ajabu mtu aliyeketi maktabani kumzuia kwa kisingizio cha kulinda usafi wa sanaa.

Leso Ilizaliwa na Mkasi

Pingamizi la pili hutoka upande mwingine. Wapo waonao kwamba leso ni matini kamili, yenye pindo, mji na jina, na kwamba kuikata kwa namna yoyote ni kuichana fasihi. Wanaosema hivyo wanaijali leso, lakini wanasahau asili yake.

Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubalika na wengi, katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani hawakununua leso iliyo tayari. Walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa rangi, vilivyoletwa madukani vikiwa bado vimeungana kama jora. Walikata vipande sita, wakavipanga vitatu kwa vitatu katika safu mbili, wakavishona pamoja hadi ikawa nguo moja ya kujifunga. Neno leso lenyewe limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Baadaye wafanyabiashara walichapisha nguo nzima isiyo na mshono, na maandishi yakaongezwa, mwanzo kwa hati za Kiarabu na kisha kwa hati za Kilatini. Kwa hiyo leso ya kwanza ilikuwa nguo ya viraka. Mkasi na sindano ndivyo vilivyoizaa.

Tena tabia ya kuivunja nguo ili kupata nguo nyingine ni kongwe kuliko leso. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba wafumaji wa Sofala walizifumua nguo za rangi zilizotoka Kambaya, nchini India, kisha wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na pamba yao nyeupe. Na katika majumba ya pwani hadi leo, leso iliyochakaa hukatwa ikawa nepi, ikawa kitambaa cha jikoni, ikawa kiraka cha nguo nyingine. Hakuna bibi aliyeomba idhini ya mhakiki wa fasihi kabla ya kufanya hivyo.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya bahari iyo hiyo. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wahenga wao walifikishwa huko katika karne za biashara ya Bahari ya Hindi. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu za familia. Mshonaji huanza ukingoni, akazunguka kuelekea katikati, akipachika kiraka kimoja baada ya kingine kwa mishono ya mkono iliyofuatana kama mawimbi. Vipande havilingani, wala havikatwi kwa kipimo cha kalibu. Lakini katika pembe nne za mfarishi hutiwa viraka vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua. Na bila maua hayo mfarishi huhesabiwa kuwa haujakamilika. Funzo la kawandi ni mara mbili. Kwanza, usahihi wa inchi si masharti ya uzuri. Pili, na hili ndilo kubwa, hata katika kazi iliyo huru kuliko zote ipo sehemu ambayo haipunguzwi wala haisahauliwi, kwa sababu bila hiyo kitu hicho si kitu hicho.

Kwa leso, sehemu hiyo ni jina.

Kiambishi Kinapokatwa

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Leso moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Jina huandikwa katika mstari mmoja, aghalabu upande wa chini wa mji, na hutandawaa. Mraba wa inchi 4 na nusu hauwezi kulimeza jina lote. Fundi anayetandaza leso tabaka sita na kuzungusha mpini atapata miraba iliyo safi, na katika baadhi yake yatatokea mabaki ya maneno. Mteja asiyejua Kiswahili atayaona kama mapambo. Mwenye kuijua lugha atayasoma.

Atasoma nini? Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na ukanushi wake hukaa ndani ya kitenzi, mara nyingi mwanzoni mwake kabisa. Lugha ambayo hukanusha kwa neno lililojitenga ikikatwa hupoteza neno zima, na pengo huonekana. Kiswahili hupoteza silabi moja au mbili tu, na kinachobaki husimama kama kauli kamili, yenye maana iliyo kinyume. Na uchukuliwe mfano wa kauli ya mapenzi "Usiniache". Makali yakipita baada ya silabi mbili za mwanzo, kiraka kitakachoshonwa katikati ya mto wa bibi harusi kitasema "niache". Methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu ikikatwa baada ya "asiye", mfarishi wa mtoto utabaki na "funzwa na mamaye", agizo jema ambalo hata hivyo limepoteza onyo lake. Ile ya mgeni wa siku mbili ikikatwa katikati, mtalii ataondoka na mkoba unaosema "mpe jembe", akaubeba begani uwanjani Manda mbele ya wachukuzi na makuli wanaoisoma kauli hiyo na kutabasamu.

Kicheko hicho ni chepesi. Yapo mazito zaidi. Majina mengi ya leso ni mafumbo ya ugomvi, yaliyokusudiwa kwa jirani, kwa mke mwenza au kwa wifi. Leso yenye jina "Hasidi hana sababu" haikosi pahali pake, lakini pahali pake si arobaini ya mtoto wala fungate ya maarusi. Kwa mwenyeji wa Lamu, leso ni zawadi inayosema. Anayeitoa huwajibika kwa ilichokisema. Fundi akiibadili leso hiyo ikawa mto na kuiuza kama zawadi ya harusi, amempa mgeni maneno ambayo mgeni hakuyachagua, na amempelekea bibi harusi wa mbali shutuma isiyomhusu.

Zaidi ya hayo, leso nyingi hutaja jina la Mwenyezi Mungu katika dua na shukrani. Lamu ni mji wa Kiislamu, wenye misikiti na maulidi yanayojulikana Afrika Mashariki nzima. Jina hilo likipita chini ya rola na kutokea likiwa nusu katika kishikio cha sufuria na nusu katika kitambaa cha kukalia, fundi atakuwa amewaudhi watu wake bila kujua. Hapa suala si la fasihi tena. Ni la adabu, na duka moja lililouza kitu kama hicho laweza kuharibu sifa ya washonaji wote wa kisiwa.

Inafaa kulinganisha na maandishi mengine ya Manda. Katika magofu ya Takwa, mji ulioachwa na wakaazi wake katika karne ya 17, lipo kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani takriban mwaka 1683. Magofu hayo yako chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hakuna mkata mawe wa Maweni angethubutu kulipasua jiwe lile apate vibao vya zawadi, ingawa ni tumbawe kama matumbawe mengine. Linaheshimiwa kwa sababu limesomwa. Leso haihitaji heshima ya kaburi; imekusudiwa kuvaliwa, kuchakaa na hatimaye kukatwa. Lakini angalau isomwe kabla haijakatwa. Maandishi ya jiwe na maandishi ya nguo yote ni ya Waswahili, na kosa la kuyaona ya kwanza kuwa historia na ya pili kuwa mapambo limefanywa na wasomi kabla ya kufanywa na mafundi.

Yanayowezekana

Mapendekezo yanayofuata ni mepesi na hayamgharimu fundi zaidi ya dakika chache.

Kwanza, leso ivuliwe jina lake kwa mkasi kabla ya kufika kwenye kalibu. Mstari wa jina ukatwe mzima, pamoja na nafasi ya robo inchi kila upande, uwekwe kando. Kinachobaki, yaani mji na pindo, ndicho kilazwe juu ya sponji. Maua, korosho na madoa ya mji hayaathiriwi na kalibu. Kinyume chake hupata uhai mpya yakipangwa upya.

Pili, jina lililovuliwa lirejeshwe zima. Laweza kushonwa katikati ya mfarishi kama kishoroba, au kuzungushwa ukingoni mahali pa taraza, au kutiwa nyuma juu ya bitana. Mshonaji wa kawandi ana maua yake ya pembeni. Mshonaji wa Manda na awe na jina lake. Likiwa ni jina la ugomvi, lisirejeshwe katika zawadi. Litunzwe, kwa kuwa lina wasomaji wengine. Likiwa na jina la Mungu, liwekwe mahali pa juu au liachwe nje ya vitu vya kukalia na kushikia.

Tatu, kila zawadi iandamane na kipande cha karatasi chenye jina la leso kwa Kiswahili na maelezo yake mafupi. Hapa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi iliyo tayari. Wanafunzi hutumwa nyanjani kila mwaka kukusanya methali, vitendawili na nyimbo. Wangeweza pia kuketi na washonaji, wakawasomea majina, wakaandika pamoja nao maelezo hayo. Kwa mshonaji ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake, mara nyingi yeye ndiye atakayemsomea mwanafunzi. Na hilo ndilo litakalokuwa funzo lenyewe.

Nne, msamiati wa kazi hii ukusanywe kabla haujamezwa. Mashine ikija na kijitabu chake cha Kiingereza, huja na maneno yake, na fundi asiyepewa jingine hulitumia lililopo. Ilhali maneno yapo: mtande na mshindio, hanamu, bandi, bitana, upindo, taraza, subana, marudufu, mfarishi, kiraka, kalibu. Mengi ya haya hayasikiki katika kumbi za mihadhara, ambako istilahi za isimu huzaliwa kila mwaka na za ushonaji hazitajwi. Idara ambayo huunda neno kwa kila dhana ya nadharia ya uhakiki isingeshindwa kuketi alasiri moja na mshona matanga na kuyaandika aliyonayo.

Ipo hoja moja ya kupinga ambayo haifai kupuuzwa. Mtu atauliza: je, mshonaji anayehitaji kuuza zawadi tatu kabla ya mashua ya jioni atapata wapi wasaa wa kusoma, kuvua na kurejesha majina? Jibu ni kwamba wasaa huo ndio ambao kalibu imeuleta. Mizunguko 14 badala ya kingo 324 ni saa kadhaa zilizookolewa. Saa hizo zikitumiwa zote kutengeneza zawadi nyingi zaidi, bei itashuka na kazi itafanana na ya kila bandari nyingine. Zikitumiwa kwa sehemu kusoma, zawadi ya Manda itakuwa na kitu ambacho mashine ya aina iyo hiyo, ikizungushwa Marekani au Uchina, haiwezi kukitoa: kauli ya Kiswahili iliyo nzima, mahali pake, na mtu anayeweza kueleza maana yake.

Hitimisho

Makala haya yametetea mashine na yametetea maandishi, na hayaoni mgongano baina ya hayo mawili. Kalibu haina uadui na leso. Haina tu macho. Uhai wa leso umekuwa katika kukatwa na kuunganishwa tangu ilipokuwa vitambaa sita vya mkononi, na itakuwa kinyume cha historia yake kuifungia kabatini kwa jina la heshima. Kinachotakiwa ni kwamba anayeikata aijue, na anayejidai kuijua asikae mbali na anayeikata.

Siku moja zawadi itavushwa kutoka Lamu, itapakiwa ndege uwanjani Manda, itafika katika nyumba ambayo hakuna anayejua Kiswahili, na mtoto atafunikwa kwayo. Huenda akikua atauliza maneno yale yanasema nini. Siku hiyo yafaa yawe bado yanasema kitu.